Kompyuta Kuukuu ya Mezani, Masisi hadi Walikale: Vidokezo 10 vya Kuifufua

Kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini Brussels au Kampala bado ina kazi Masisi na Walikale: kuchapa barua kwenye kibanda cha fotokopi, kutunza orodha za wanafunzi, kuandika vyeti vya ubatizo parokiani. Laptopu inapendeza, lakini ikifa huku mbali na mjini, kuifufua ni shughuli. Ya mezani hufunguka kwa bisibisi moja, na karibu kila kilichomo hung'oka na kubadilishwa. Naanza na umeme kwa sababu ndio muuaji mkuu. Habari za kununua vipande zitafuata.

1. Tazama swichi nyekundu kabla ya kuchomeka. Pawa saplai nyingi za zamani zina kiswichi chekundu kwa nyuma, chenye namba 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi huja ikiwa kwenye 115. Ichomeke hivyo kwenye umeme wetu wa volti 220, utasikia mlio mmoja tu, halafu harufu.

2. Jenereta iache itulie. Washa jenereta, subiri mlio wake ukae sawa, ndipo uwashe kompyuta. Kabla mafuta hayajaisha zima kompyuta kwanza, maana jenereta inayokohoa hupandisha na kushusha umeme ovyo. Na kama mnachangia jenereta moja na mwenye kinu cha kusaga, hapo pana kazi: kinu kikianza volti zinashuka, kikisimama zinaruka. Weka stabilaiza katikati. Huna? Elewana na jirani, yeye asage asubuhi, wewe uchape mchana. Mapatano hayo ni ya bure, na yameokoa diski nyingi.

3. Kwenye sola, piga hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Usiimalize; tumia nusu, yaani 600, na inveta itakula kidogo humo. Pentium 4 na skrini ya kioo kinene zinaweza kula wati 200 kwa pamoja: saa mbili na nusu, umekwisha. Core 2 Duo, kizazi cha kuanzia 2006, na skrini bapa hutumia kama wati 95, ukapata saa tano na zaidi. Kwa hiyo skrini bapa ndiyo kitu cha kwanza cha kununua. Ile nene usiifungue kabisa. Ndani yake kuna volti zaidi ya 20,000, na hukaa na chaji hata baada ya kuzimwa.

4. Safisha kabla ya kutangaza msiba. Mashine nyingi zinazoitwa zimekufa zimechafuka tu. Toa vijiti vya ramu, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha, jaribu tena. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Tazama pia pawa saplai kwa tochi kupitia matundu yake, kwa sababu mende hupenda joto la humo. Kutu ya kijani kwenye meno ya kadi itoe kwa spiriti ya hospitali. Pombe ya kanyanga haifai, hata kama fundi wa jirani anaapa kwayo: ina maji mengi. Na huko Walikale, kwenye unyevu wa msitu, mashine inayowashwa kila siku hukaa kavu kuliko iliyofunikwa turubai kwa heshima.

5. Badilisha betri ndogo. Ile ya duara kama kifungo, CR2032, volti 3. Ikiisha, saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi na tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama huangalia tarehe. Watu wamewahi kulaumu mtandao kwa kosa la kibetri hiki.

6. Kagua kapasita, na ujue unachokishika. Hapa ndipo fundi wa Masisi na Walikale ana haki ya kucheka kidogo. Lehemu ya fundi ni mchanganyiko wa bati na risasi, na bati hutokana na kasiteriti, ile ile inayotoka Bisie, Walikale. Vile visanduku vidogo vya manjano kwenye bodi mama nyingi ni kapasita za tantali, na tantali hutoka kwenye koltani, ambayo Rubaya huko Masisi inajulikana nayo duniani kote. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopaa, viwanda vya simu na kompyuta ndivyo vilivyokuwa vinaililia. Mawe yaliondoka mgongoni mwa watu. Yamerudi yakiwa mtumba.

Sasa kazi yenyewe. Tazama kapasita ndefu za mviringo karibu na prosesa. Kichwa chake kina alama ya msalaba, nacho kinatakiwa kuwa bapa kabisa. Ukiona kimevimba, au kuna ukoko wa kahawia juu yake, ndiyo imekufa. Bodi za kati ya 1999 na 2007 zina ugonjwa huu sana, maana wakati huo kapasita nyingi mbovu ziliingia viwandani. Weka yenye mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, na iliyoandikwa nyuzi 105. Angalia mstari: kwenye ile ya mviringo mstari huonyesha upande hasi, kwenye kisanduku cha manjano huonyesha upande chanya. Ukiigeuza ya manjano, inaweza kuwaka moto mbele ya macho yako.

Jambo moja zaidi. Tangu Julai 2006 Ulaya ilizuia risasi kwenye vifaa vipya vya namna hii, na lehemu isiyo na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 217, wakati ile ya zamani huanza kuyeyuka kwa 183. Ikikugomea, ongeza tone la lehemu ya zamani juu yake, zichanganyike, itaachia. Chuma cha kulehemu kilichopashwa kwenye makaa kinatosha kwa waya wa redio, lakini bodi mama kitaiunguza.

7. Pesa ziende kwenye ramu na diski. Prosesa iache ilivyo. Ramu ya GB 4 inatosha kazi za ofisi. Nenda dukani na kijiti chako cha zamani, kwa kuwa DDR2 na DDR3 zinafanana lakini mkato wake uko mahali tofauti na haziingiliani. Kisha weka diski ya SSD. Yenye GB 120 inatosha, na usinunue ya kasi kubwa, maana bodi ya zamani haitaifikia. Faida yake hapa ni zaidi ya kasi: haina sahani inayozunguka, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla au pikipiki ikiruka shimo, haikwaruzwi.

8. Chagua mfumo unaoiweza. Windows XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux nyepesi kama antiX inakwenda hata kwenye prosesa za biti 32. Debian 12 pia, lakini Debian 13 ya mwaka 2025 haitoi tena kisakinishi cha biti 32. Pakua Linux uliyochagua ukiwa Goma penye mtandao, uiweke kwenye flashi na kwenye DVD, kwani mashine nyingine za zamani hazikubali kuanzia flashi. Virusi vya Windows vinavyosambaa kwa flashi za wateja pia havitakusumbua.

9. Isafirishe ikiwa imelala. Ukinunua Birere, Goma, uliza kwanza kibodi ni ya azerty au qwerty. Halafu ng'oa diski na kadi zote, zifunge peke yake, na ulaze kasha ubavu ili bodi mama iwe chini. Kipoza-joto kizito cha prosesa kikining'inia njia nzima kinaweza kung'oka. Sponji ya godoro chini, iwe ni chukudu au pikipiki ya kupandia Masisi kupitia Sake. Ikinyeshewa, ikaushe kivulini siku kadhaa kabla ya kuiwasha.

10. Diski iwe rahisi kutoka. Huku watu hulazimika kuhama bila taarifa, na kasha la kompyuta halibebeki kichwani pamoja na godoro. Funga SSD kwa skrubu moja tu, bisibisi ikae imebandikwa kwa tepu ndani ya kifuniko. Inaingia mfukoni na orodha zote za shule, na kama ina Linux, ukiifunga kwenye mashine nyingine mara nyingi itawaka humo bila kusakinisha chochote upya.