Ishara ya Bubu

Tulipokuwa tukiwasomesha wanafunzi wetu mlango wa biashara katika fiqhi, tulifika katika mas'ala yajulikanayo: kwamba bubu akiuza au akinunua kwa ishara yenye kufahamika, ishara yake yasimama mahali pa kauli. Na katika nikahi ni vivyo hivyo. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Sheikh, na huyo bubu, Sala alifunzwa na nani?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwani jawabu hatukuwa nalo. Na swali lile tulipanda nalo hadi Meru na Embu, tulipokwenda kuwazuru ndugu zetu wa huko.

Waislamu wa pande zile ni wachache, lakini mtu mwenye mtoto kiziwi au asiyeona huko hakosi pa kumpeleka. Iko shule ya viziwi ya Kaaga, Meru. Iko shule ya wasioona ya St. Lucy, Igoji, na Embu iko shule ya viziwi ya St. Luke. Majina yatosha kukwambia ni nani waliotangulia. Hatusemi haya kwa husuda. Aliyefanya kheri tumshukuru. Aibu ni yetu sisi, ambao vyuo vyetu ni vya zamani kuliko shule zote hizo.

Mjini Meru tulikaa na mzee mmoja wa Kiislamu, binti yake ni kiziwi na yumo shuleni. Asema kwa ishara na wenziwe, asoma, aandika, ajua hisabu. Alirudi nyumbani likizo ikaangukia Ramadhani. Mzee akatwambia: "Sheikh, mtoto aliwaona watu hawali, naye akaacha kula. Mimi sina njia ya kumwambia ni kwa ajili ya nani." Maana shule ilimfunza binti lugha, na baba lugha hiyo haijui, wala haijui mwalimu wa chuo, wala imamu. Basi katika kijiji kizima hapakuwa na Mwislamu wa kumtajia Mola wake.

Kwa asiyeona twajiona tumefanya wema zaidi, nasi kweli tunao mahafidhi wasioona waliohifadhi kwa kusikiliza. Walakini tuangalie vizuri. Hafidhi yule akisahau aya usiku, humngoja mwenye macho asubuhi. Kitabu cha fiqhi hakifungui peke yake maisha yake yote. Na dawa ya hilo si mpya. Kijana Mfaransa asiyeona, Louis Braille, alitunga mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, maandishi ya nukta sita zilizoinuka katika karatasi nene, safu mbili za nukta tatu tatu, ambazo kwa kupangwa mbalimbali hutoa alama 63. Ndiyo breli, au nukta nundu. Qur'ani nzima imekwisha kupigwa chapa kwa nukta hizo, katika majuzuu makubwa yasiyobebeka kwapani. Na mwalimu wa chuo atastaajabu kuambiwa kwamba Kiarabu cha breli husomwa kutoka kushoto kwenda kulia! Asikimbilie kusema ni bid'a. Herufi ni zile zile, kidole ndicho kilichobadili njia.

Na tuikumbuke Sura ya Abasa, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema. Abdallah bin Ummi Maktum, asiyeona, alimwendea Mtume (s.a.w.) naye yuko katika mazungumzo na wakubwa wa Makureshi. Hakuja kuomba tende wala dirhamu. Alikuja kuomba asomeshwe, na kwa ajili yake ikateremka Sura. Sisi tumemweka mwenzake mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, tukamtilia senti mkononi, tukaingia ndani kusikiliza khutba.

Serikali nayo imetutangulia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara na breli. Na kifungu cha 120 kimeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Bungeni kiziwi ana lugha. Katika misikiti tunayosali sisi hana.

Baada ya kurudi tuliyasema haya katika darasa yetu. Walimu wawili wamekubali kujifunza ishara, na mmoja ameanza kwa kiziwi fundi cherehani wa mtaani kwake, ambaye tumempita miaka mingi bila salamu. Yako mengine yanayotaka fedha, kama Qur'ani ya breli na karatasi zake; hayo tutayaeleza mkutanoni. Lakini mwenye mtoto kiziwi au asiyeona nyumbani, na amlete chuoni baada ya Alasiri. Wala asimfiche. Na ajuaye ishara, mume au mke, Mwislamu au si Mwislamu, twamwomba aje kutufunza sisi kwanza.