Rangi ya Macho Inayovuka Pantoni na Kurudi

"Mwanangu, leo ndiyo unaolewa?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja kwenye foleni ya pantoni Kigamboni, saa moja kasoro robo asubuhi, na ndoo yake tupu ya kwenda kuchukulia samaki Feri. Nilikuwa nimepaka bluu, ile bluu ya khanga mpya kabla haijafuliwa, imejaa kope nzima na kupanda karibu na nyusi. Nikamjibu, "Hapana mama, ni Jumanne tu." Alicheka mpaka tukafika ng'ambo.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nilirudi na bluu ileile, mahali palepale. Na hapo ndipo penye swali ninaloulizwa kuliko yote. Watu wameshazoea kwamba napaka rangi kali. Wanachotaka kujua ni inakaaje, kwa joto hili la Dar, kwa unyevu huu wa baharini, kwa kubanana kule kwenye daladala ambako jasho la jirani nalo ni lako.

Sikuzaliwa najua. Nilijifunzia kwenye send-off ya binamu yangu, Mbagala, mwezi wa pili, ukumbi una feni nne na mbili hazizunguki. Nilipaka kijani. Kabla ya hapo nilikuwa nimejipaka losheni uso mzima, maana nyumbani tumefundishwa kwamba ngozi kavu ni aibu. Rangi ilipoonekana hafifu nikaongeza, ikaonekana hafifu tena, nikaongeza tena. Ndafu ilipoingia ukumbini kijani chote kilikuwa kimehamia kwenye mkunjo wa kope, mstari mmoja mnene kama mfereji, na kilichobaki kimeshuka chini ya jicho. Shangazi akanivuta pembeni ya jukwaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kwangu kuna amani.

Nikacheka, lakini nilipofika kwenye kioo cha choo nikamwelewa.

Miaka kadhaa nilidhani tatizo ni rangi zenyewe, kwamba nanunua za bei rahisi. Nikanunua za bei mbaya, zikafanya vilevile. Tatizo lilikuwa chini ya rangi. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yoyote mwilini, haizidi sana nusu milimita, na inajikunja kila unapopepesa. Binadamu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Piga hesabu ya saa kumi na mbili: ni zaidi ya mara 10,000 kope inajikunja na kujikunjua. Sasa weka hapo mafuta ya losheni, mafuta ya ngozi yenyewe na jasho, halafu mwaga unga juu yake. Umekanda donge. Kila ukipepesa unalisukuma donge kwenye mkunjo.

Kwa hiyo kazi yangu yote ya asubuhi ni ya kuondoa mafuta na kuweka kidogo. Nanawa uso kwa sabuni, losheni naipaka mashavuni, kwenye paji na shingoni, kope naziruka. Halafu naondoka kwenye kioo. Napiga pasi, nanywa chai, natafuta funguo. Dakika 10 au 15 hizo ndizo watu wanazozidharau, nami nakwambia nikiamua kuacha hatua moja, hiyo haiguswi. Nikirudi nachukua tishu na kuikandamiza juu ya kope, bila kusugua. Ikitoka na alama ya mafuta, narudia.

Kisha praima ya macho. Kama huna, konsila isiyo na mafuta mengi inatosha, na mimi nusu ya mwaka natumia konsila. Kiasi chake ni punje moja ya mchele kwa macho yote mawili. Moja, tena mchele wenyewe usiwe wa Mbeya uliovimba. Naigusa gusa kwa kidole cha pete, kwa kuwa ndicho dhaifu na hakivuti ngozi, mpaka iishe kabisa na kope ionekane kama haina kitu. Hapo ikiwa bado inanata kidogo, ndiyo wakati wa rangi, lakini pale kwenye kope tu. Juu ya mkunjo, ambako nitahitaji kusambaza rangi ififie vizuri, natangulia na poda kiduchu inayofanana na ngozi yangu. Ukisambaza rangi juu ya kitu kinachonata itang'ang'ania pale ilipotua kwanza, upate mabaka.

Rangi yenyewe naikandamiza kwa brashi bapa. Nakandamiza, nainua, nakandamiza. Wengi hufagia kama wanafagia uwanja, halafu wanashangaa kwa nini rangi iko mashavuni. Ukifagia, nusu ya rangi inapeperuka na nusu inalala juujuu. Za kung'aa nalowanisha brashi kwa tone la maji, inashika kama dhahabu iliyoyeyushwa. Zile zisizong'aa usizitie maji, kibati kinaota gamba juu na brashi haichoti tena. Nimeshaua zambarau nzuri sana kwa njia hiyo.

Na siku ya kazi ya kweli, harusi au siku ninayojua nitazunguka mjini mpaka usiku, naweka tabaka mbili: kalamu ya rangi ileile chini, iliyopakwa nyembamba, halafu unga juu yake. Kalamu ina nta, unga unaigandia nta. Wapo wanaopenda kutanguliza kalamu nyeupe, ile ya NYX iitwayo Milk ndiyo maarufu, na ni kweli rangi inaruka kama taa. Ila kwa ngozi yangu, ambayo ni nyeusi hasa, nyeupe inaifanya bluu iwe ya sare ya shule ya msingi. Mimi chini ya zambarau au kijani kizito naweka nyeusi. Rangi inapata kina, na baada ya saa nane ikipungua kidogo, kinachojitokeza chini ni kivuli, si kovu jeupe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanadanganywa sana madukani. Rangi nyingi hafifu, waridi ya maziwa, bluu ya mawingu, kijani cha mnanaa, zimejaa unga mweupe ndani yake. Kwenye ngozi nyeupe unga huo hauonekani. Kwenye ngozi zetu unageuka majivu. Ukijiona una majivu machoni usijilaumu, wala usifikiri rangi kali "haziwafai weusi", maneno ambayo nimeambiwa na muuzaji mweusi kuliko mimi. Tafuta zilizokolea. Ndiyo maana vibao vya Juvia's Place, kampuni iliyoanzishwa Marekani na Chichi Eburu, mwanamke aliyezaliwa Nigeria, vilipokelewa kwa shangwe: vilitengenezwa mtu akiwa na ngozi kama hii kichwani mwake. Lakini si lazima ununue hivyo. Kariakoo pia zipo rangi nzuri, ukijua kujaribu.

Kujaribu kwenyewe ni hivi. Usijaribie kiganjani, viganja vyetu ni vyeupe na vitakuongopea. Pitisha kidole mara moja tu kwenye rangi, paka nje ya mkono, karibu na kifundo, kisha toka nje ya duka uitazame juani. Taa za maduka ya Mtaa wa Kongo zinapendezesha kila kitu. Kijana ataita, "Mrembo, hii orijino, usiende mbali!" Nenda tu, atakusubiri. Ikionekana kwa mpitisho mmoja, chukua. Ikihitaji mipitisho mitatu mkononi, machoni itahitaji sita, na sita ndiyo ule mfereji wa Mbagala.

Soma na kibati. Zipo rangi kali mno, zile za njano na waridi zinazowaka kama koti la trafiki, ambazo watengenezaji wenyewe wameandika kwa herufi za sisimizi kwamba si za kupaka karibu na jicho. Mng'aro wa kazi za mikono, ule wa kubandika kwenye kadi, usiupeleke machoni hata kama rafiki yako anautumia: chembe zake zina ncha na zinaweza kukwaruza jicho. Tazama pia kile kichoro cha kopo lililofunguliwa chenye namba ndani, 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Maskara mimi siivushi miezi mitatu. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lakini macho yako ni yako, usiyaachie shirika.

Na wanja wa manga? Bibi yangu alikuwa nao kwenye kichupa cha fedha, na hakuna kitu kilichompendeza kama ule weusi wake. Baadhi ya wanja hizo za unga wa jiwe zina madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini inajikusanya, watoto ndio wanaoumia zaidi. Kichupa nimekirithi. Nakitazama tu. Ninachopaka ni kalamu ya wanja ya kawaida, na juu yake nagusa rangi nyeusi ya unga ili isitembee.

Macho yakiisha ndiyo naanza uso. Nilikuwa nafanya kinyume, faundesheni kwanza, kisha unga wa bluu unadondoka mashavuni na nikiufuta naondoka na faundesheni. Sasa vumbi likidondoka nafuta kwa kitambaa chenye unyevu, halafu napaka uso juu ya ngozi safi. Uso wenyewe naufanya mwepesi, macho yakiwa yanapiga kelele midomo ninaiacha izungumze taratibu: kahawia, au mafuta ya midomo basi. Faundesheni tabaka moja, poda naikandamiza kwa sponji puani, kwenye paji na kidevuni.

Spreyi ya kushikiza inasaidia, ila haifanyi miujiza. Ya kweli ina dawa inayokauka na kuacha utando mwembamba. Unapulizia kutoka umbali wa mkono, unafumba macho, unaacha ikauke bila kujipepea. Maji ya waridi yananukia vizuri, yanaondoa ule ukavu wa poda, na hayashikizi chochote. Spreyi ya nywele naomba tuisahau kabisa. Najua mpambaji wako aliitumia siku ya kitchen party na ulikaa nayo mpaka asubuhi. Isahau.

Mchana sasa. Joto la saa saba limekupata Posta, uso unamiminika. Kosa ambalo kila mtu anafanya, nami nililifanya mpaka juzi juzi, ni kuchukua poda na kuipigilia juu ya jasho. Jasho na unga ni uji, na uji ukikauka ni ugali. Chukua tishu, itenganishe utando mmoja, ilaze usoni na ikandamize kwa kiganja. Inyonye jasho kwanza. Subiri kidogo mbele ya feni. Ikibidi poda, sasa weka. Kwenye kope, kama rangi imeanza kujikusanya kwenye mkunjo, usiongeze rangi. Ilainishe kwanza kwa kidole cha pete mpaka mstari upotee, kisha gusa rangi kidogo. Mkoba wangu una tishu, vijiti vya masikio vitatu, na kipande cha rangi nilichokivunja kutoka kwenye kibati kikubwa nikakiweka kwenye kikopo cha lenzi. Basi.

Brashi nazifua kila Jumamosi kwa sabuni ya mtoto na kuzilaza, vichwa vikining'inia nje ya ukingo wa meza. Ukizisimamisha, maji yanashuka kwenye gundi na baada ya muda zinanyonyoka kama kuku. Na siazimishi. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar, ofisini kwetu tuliugua kwa zamu kama likizo, na mimi nikatupa maskara mbili na kope za bandia ambazo ndiyo kwanza nimezivaa mara moja. Iliniuma. Kuanzia siku hiyo, anayetaka kuazima brashi yangu nampa kijiti cha masikio.

Swali la watu watasemaje sina jibu refu. Nilianza na mstari wa bluu chini ya jicho tu, Ijumaa tu, na nikawa naufuta kwenye pantoni kabla haijafika. Wiki ya tatu sikuufuta. Ukiogopa, chukua rangi moja iliyo ndani ya khanga au kitenge ulichovaa, hata kama ni ya ua dogo pembeni ya pindo, uiweke machoni. Watu wataona umependeza kabla hawajaona umepaka.

Usiku inatoka kwa mafuta ya nazi. Tia kwenye pamba, ilaze juu ya jicho lililofumbwa, hesabu mpaka 30, kisha shusha taratibu. Adui wa asubuhi sasa ndiye mfanyakazi wako. Halafu nawa kwa sabuni, usilale na mafuta, kesho utayahitaji yasiwepo. Ninasema hivi nikijua kwamba mwaka juzi nilikwenda kwa mama mkwe Tanga, nikafika nimechoka, nikalala hivyo hivyo. Foronya yake nyeupe, ile ya kudarizi, imefuliwa kwa jiki mara sita, na bado ina jicho la kijani. La kushoto.