Taa ya Matumbawe Laini: Pima Mwanga, Usihesabu Wati

Wanaotaka kuanzisha tangi la maji ya chumvi nyumbani huniuliza swali moja kuliko yote: "Ninunue taa ya wati ngapi?" Wengi wao wako huku huku Ujerumani, wengine wako Dubai na Muscat, na karibu kila mmoja ameshaona mahali taa kubwa iliyoshushwa bei. Huwa nawajibu kwa maswali mawili. Unataka kufuga matumbawe gani? Na tangi lako lina kina gani? Mtu akisema matumbawe laini, habari ni njema: taa anayoihitaji ni ndogo na nafuu kuliko anavyodhani. Sharti langu ni moja tu, isambaze mwanga tangi zima.

Matumbawe laini ni yale yasiyojenga mifupa ya mawe. Maduka ya hapa Hamburg huwa nayo mwaka mzima: Sarcophyton lenye kichwa kipana, Sinularia lenye vidole, Xenia linalofumba na kufumbua vitanga vyake, na Capnella, ambalo wauzaji wa Ulaya hulitangaza kwa jina la mti wa Kenya. Ukilitazama kwa lenzi utaona kila polipi, yaani kila mnyama mdogo anayeunda tumbawe, ina minyiri minane, na kila mnyiri umechanuka pande zote mbili kama unyoya. Dukani utakuta pia Discosoma na Zoanthus yamepangwa rafu hiyo hiyo. Wanasayansi huyaweka katika kundi jingine, lakini kwa upande wa mwanga yanafugika pamoja na haya bila tabu.

Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea mwenyeji wake. Kwa hiyo unapochagua taa unachagua chakula. Mwanga ukiwa hafifu mno, tumbawe hudhoofika polepole, wiki baada ya wiki. Ukiwa mkali mno, mwani huzalisha kemikali za oksijeni zenye madhara kupita uwezo wa tumbawe kuzihimili, nalo huufukuza mwani na kupauka. Nimeona matumbawe mengi zaidi yakiumizwa na mwanga wa kupita kiasi kuliko na mwanga haba, kwa sababu taa nyingi za LED zinazouzwa leo zimetengenezwa kwa ajili ya matumbawe ya mawe.

Wati hukueleza taa inakula umeme kiasi gani, basi. Lumeni na lux nazo zimepangwa kwa kufuata jicho la mwanadamu, ambalo huona vizuri zaidi kijani na njano, ilhali mwani wa matumbawe hutegemea sana buluu. Kipimo cha kutumia ni PAR: idadi ya fotoni za mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde, ikihesabiwa kwa mikromoli. Jua la saa sita mchana katika nchi za tropiki hukaribia 2,000 juu ya uso wa bahari. Usiogope namba hiyo, matumbawe yako hayaitaki. Discosoma hutulia kwenye 30 hadi 80. Sarcophyton, Sinularia, Xenia na Zoanthus hustawi kati ya 80 na 150. Wanaofuga matumbawe ya mawe kama Acropora ndio wanaotafuta 250 na kuendelea. Namba hizi si msahafu, kwani tumbawe likizoeshwa hujirekebisha, ila zitakuzuia usinunue kitu kisichokuhusu.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana 50 na kina 50, na lina taa moja ya LED. Niliazima mita ya PAR ya chini ya maji kutoka kwa mfugaji mwenzangu, nikaining'iniza taa sentimita 25 juu ya maji, kisha nikazamisha kihisio. Juu ya mwamba katikati, sentimita 15 hivi chini ya maji, ilisoma 160. Nikakisogeza hadi pembeni kwa kina kile kile: 70. Kwenye mchanga wa kona ilibaki 40. Ndipo nilipoipandisha taa sentimita 10 zaidi. Katikati ikashuka hadi 120, lakini pembeni haikupungua hata kidogo, kwa maana miale ilikuwa sasa inafika kwa upana. Ile 40 ya kona nikaiachia Discosoma, ambayo yanaipenda. Sarcophyton likakaa katikati.

Hilo ndilo jambo ninalotaka lishike kichwani mwako: ukali wa katikati ni rahisi kuupata, usambazaji ndio wa kununua. Angalia lenzi za taa. Zenye pembe ya nyuzi 60 hupeleka mwanga chini sana katika duara dogo, na zinafaa tangi refu la kwenda chini. Kwa tangi la kina cha sentimita 40 au 50 la matumbawe laini, chagua nyuzi 90 au 120. Kama tangi lako linazidi sentimita 90 kwa urefu, nunua taa mbili ndogo badala ya moja kubwa. Vivuli vitapungua, na moja ikifa hutabaki gizani.

Kuhusu aina za taa sina maneno mengi. Taa za metali halaidi hutoa mwanga mzuri, lakini hupasha maji joto na hula umeme bila huruma. Tyubu za T5 husambaza mwanga kuliko kitu chochote ninachokijua, ila hubadilishwa kila baada ya miezi 9 hadi 12 kwa sababu hupoteza nguvu na rangi, na tangu Agosti 2023 Umoja wa Ulaya hauruhusu tena tyubu za kawaida za T5 kuingizwa sokoni kwa sababu ya zebaki iliyomo. Anayeanza leo anunue LED. Taa yangu ni ya wati 90 nami huiwasha kwa asilimia 60, saa kumi kwa siku. Hiyo ni takriban yuniti 16 kwa mwezi. Kwa senti 35 za euro kwa yuniti, haifiki euro 6. Metali halaidi ya wati 150 kwa saa hizo hizo ingekula yuniti 45.

Rangi inawapoteza wengi. Maji hunyonya nyekundu mapema, kiasi kwamba mita chache tu chini ya bahari hubaki buluu zaidi, na mwani wa matumbawe umezoea hivyo. Kwa hiyo taa iwe na LED za buluu za nanomita 450 hadi 470, urujuani kidogo wa 420, na nyeupe ya kutosha macho yako. Chaneli za nyekundu na kijani ziache chini kabisa. Kinachodanganya ni ule mng'ao wa kijani na rangi ya machungwa unaotokea ukibakiza buluu peke yake. Unapendeza sana jioni, lakini hutokana na protini zinazong'aa ndani ya tumbawe, nao hauthibitishi kwamba tumbawe lina afya. Tathmini afya chini ya mwanga mweupe.

Taa mpya, au tumbawe jipya, huanza chini. Mimi huanza na asilimia 30 na kupandisha asilimia 5 kwa wiki, huku tumbawe likikaa mchangani kwanza. Saa nane hadi kumi za mwanga zinatosha, zikiwemo za kupambazuka na kuchwa taratibu. Baada ya hapo tazama. Discosoma likinyanyua kingo na kujivuta juu, linaomba mwanga. Likijikunja na kuganda juu ya jiwe, limezidiwa. Rangi ikigeuka kahawia, mara nyingi mwani umeongezeka kufidia uhaba wa mwanga. Sarcophyton likifunga polipi zake na kuota utando unaong'aa kama nta, usiguse taa: linajichubua, na utando ukishatoka hufunguka tena baada ya siku kadhaa. Liongezee tu mkondo wa maji.

Xenia lina habari yake. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza Heteroxenia, ndugu yake wa Bahari ya Shamu, walionyesha kuwa ule mwendo wa kufumba na kufumbua huondoa oksijeni inayorundikana karibu na polipi, na hivyo usanisinuru huongezeka mara nyingi. Ukiliona limeacha kupiga, usikimbilie kuongeza mwanga. Pima kwanza chumvi, joto na mkondo.

Vipande vya matumbawe vitafute kwa wafugaji wenzako, kwani matumbawe laini hukatwa na kuota upya kwa urahisi, na kipande kilichokulia chini ya taa huzoea taa yako upesi. Wasomaji wangu wa Tanga, Zanzibar na Mombasa, nawasihi msivunje ya baharini. Mwamba unaolisha samaki wa wavuvi wetu una thamani kubwa kuliko tangi la sebuleni.

Na siku ya kununua taa, mwombe muuzaji jedwali la PAR linaloonyesha vipimo vya katikati na vya pembeni, katika kina cha tangi lako. Wazalishaji makini huwa nalo. Akikupa wati peke yake, weka pesa zako mfukoni uende duka jingine.