Panga Mgao Kabla ya Kushuka Duarani

Wadogo zangu! Leo nina maneno na nyinyi mnaocheza bugobogobo Kahama, mnaorekodi nyimbo za Kisukuma kwenye studio za Katoro, mnaochora na kuchonga Ushirombo na Maganzo. Swali lenu linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile: kuna mtu yuko Ubelgiji, au Ujerumani, au Uingereza, ameona video yangu kwenye simu, anataka tufanye kazi pamoja. Dada, nifanyeje?

Fanya. Nafasi kama hiyo ikija, usiikimbie kwa woga wala kwa kudhani wewe ni mdogo mno. Ila ingia ukiwa mwenye mali.

Umekulia kwenye machimbo, kwa hiyo jambo hili unalijua kabla sijalisema. Nyarugusu au Rwamagasa, hakuna anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, kabla mgao haujajulikana: mifuko mingapi ya mwenye leseni, mingapi ya mwenye duara, mingapi ya waliochimba, na nani analipia chakula na mafuta ya jenereta. Hayo huzungumzwa juu, mapema, mbele ya watu, kwa sababu mawe yakishaonyesha dhahabu, maneno huwa mengi na undugu hupungua. Basi wimbo nao upangie mgao wakati bado hauna hela.

Angalia yaliyoupata wimbo wa Malaika. Umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M, umezunguka dunia nzima, na hadi leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili William, Adam Salim au mwingine. Wimbo unaopendwa kiasi kile ulistahili kuwa na karatasi inayomaliza ubishi siku ya kwanza.

Karatasi yenyewe haihitaji maneno makubwa. Andika jina la kazi, tarehe, nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipiga nini, nani ni prodyuza, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Andika nani anamiliki rekodi yenyewe, maana umiliki wa wimbo na umiliki wa rekodi ni haki mbili tofauti, na hapo ndipo vijana wengi wanapopotezwa. Andika jina lako litakavyosomeka kwenye jalada na mtandaoni. Usikubali kuandikwa "waimbaji wa kienyeji wa Tanzania" huku mwenzako ametajwa kwa majina yake mawili. Wote muweke sahihi. Mwenzako mwenye nia njema atafurahi. Akinuna kwa sababu umeomba karatasi, amekuonyesha mapema atakavyokuwa baadaye.

Kisha isajili kazi yako Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Sheria yetu ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo jambo hili linawahusu hata wajukuu zako. Na wewe mwenyewe jisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Usipojua pa kuanzia, nenda halmashauri umwone afisa utamaduni. Hiyo ni kazi yake.

Hapa nina neno la uzito kwa wale wa ngoma. Mdundo wa bugobogobo si wako peke yako, wala si wangu. Ni wa watu waliolima nao kabla hatujazaliwa, na sheria hiyohiyo ya 1999 inazilinda pia sanaa za jadi zisichukuliwe na mtu kwenda kuzifanyia biashara bila idhini. Mgeni akitaka mdundo huo, mwambie wazi kipi ni chako na kipi ni cha jamii, na hakikisha Wasukuma wanatajwa kwa jina. Kama hujui historia ya ngoma yako, nenda Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na padre Mkanada, David Clement. Kaa na wazee wakueleze vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilivyoshindana. Anayejua kazi yake ilikotoka hazidiwi maneno mezani.

Na usiamini kwamba kushirikiana na wageni lazima kuongozwe na wao, au kuanze na ndege. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi Bagamoyo, alitoa albamu ya Assembly mwaka 2002 pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, na kwenye kazi ile ala yake ya ilimba na sauti yake ndizo zinazoongoza njia. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza. Hiyo ilirekodiwa Bagamoyo kwao, na wageni ndio waliofunga safari. Nawe unaweza kusema: njoo Geita, turekodi hapa, wazee wangu wawepo.

Halafu tazama nchi jirani. Muziki wa singeli wa Dar es Salaam haukufika kwenye matamasha ya Ulaya kwa kuruka moja kwa moja. Kazi za studio ya Sisso, Mburahati, zilitolewa mwaka 2017 na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, kwenye mkusanyo wa Sounds of Sisso, na milango ikafunguka kutokea hapo. Wewe wa Geita uko karibu na Kigali kuliko Dar es Salaam, na Mtanzania haombi visa kwenda Rwanda, Uganda wala Burundi. Sauti za Busara nayo hufanyika Zanzibar kila Februari, na wanaotafuta wasanii kutoka nje huenda pale kusikiliza. Panda ngazi hizo. Zitakupa uzoefu wa jukwaa, mikataba na watu wanaokufahamu.

Safari ya Ulaya ikija kweli, kaa chini upige hesabu. Paspoti ni shilingi 150,000. Kikundi cha watu 8 tayari ni shilingi 1,200,000. Visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima, yaani euro 720 kwa wote, na hairudishwi ukinyimwa. Unatakiwa kuwa na bima ya angalau euro 30,000. Alama za vidole zinatolewa ana kwa ana, kwa hiyo kuna nauli na malazi ya Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka kwenu. Mpe mwenyeji wako hesabu yote hiyo. Mara nyingi hajui: msanii wa Lisbon anakwenda Berlin bila kugongewa muhuri wowote, hivyo atakualika wiki tatu kabla ya onyesho kwa moyo safi kabisa. Mwambie maombi yanaruhusiwa kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na kwamba mnahitaji muda huo. Mkumbushe kuwa visa ya Schengen haikufikishi London. Uingereza ina visa yake.

Uliza pia malipo uliyotajiwa ni kabla au baada ya kodi. Ujerumani, kwa mfano, humkata msanii mgeni asilimia 15, na nyongeza kidogo juu yake, malipo yakizidi euro 250 kwa onyesho. Uliza BASATA kuhusu kibali cha kwenda kuonyesha sanaa nje kabla hujakata tiketi. Na nyinyi Bagoyangi mnaocheza na nyoka, chatu havuki mpaka bila vibali vya kimataifa vya wanyamapori. Mwacheni nyumbani.

Sasa mabinti, nisikilizeni vizuri. Tamasha la kweli halikudai ada ili likualike. Anayetaka umtumie hela ya "kushughulikia mwaliko" ni tapeli. Anayesema utacheza ngoma hotelini nje ya nchi lakini hana mkataba, hana jina la ukumbi, na anataka kushika paspoti yako, huyo anaweza kuwa anakupeleka utumwani. Mkataba usomwe na mtu mwingine kabla ya sahihi yako. Acha nyumbani nakala ya paspoti, anwani ya unakokwenda na simu ya ubalozi wetu wa huko. Ukisita, usiende. Nafasi nyingine itakuja, na utakuwa hai kuipokea.

Kipaji mnacho, wadogo zangu. Mimi sijawahi kuwa na shaka nacho. Kinachowapunguzia mali ni kuona aibu kuzungumza fedha na mtu anayewasifia. Basi wiki hii chukua wimbo mmoja ulioufanya na rafiki yako wa hapohapo mtaani, mkae, mwandike mgao wake na mtie sahihi. Ukizoea kumwambia rafiki yako "tuandike", hutashindwa kumwambia mtu wa Brussels.