Joto Linapokuwa Dawa: Nafasi ya Kipimo katika Tiba ya Uvimbe

Wabanguaji wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa wanaifahamu vyema tabia ya moto. Korosho isiyokaangwa vya kutosha hubaki na mafuta makali yanayochubua mikono. Iliyozidishiwa moto huungua kiini. Tiba ya joto dhidi ya uvimbe nayo hupita katika njia hiyo nyembamba. Tofauti ni kwamba mbanguaji huona rangi na kunusa moshi, ilhali tabibu hawezi kuona kinachotokea ndani ya mwili. Hana budi kupima.

Joto na muda

Tiba hii ina sura mbili kuu. Katika ya kwanza, uvimbe hupashwa hadi nyuzijoto 40 hadi 45 za sentigredi kwa muda wa takriban saa 1, kwa kawaida sambamba na mionzi au dawa, ili kuzidhoofisha seli za saratani. Katika ya pili, uvimbe huunguzwa kwa joto linalozidi nyuzijoto 60, na seli hufa kwa muda mfupi sana.

Kosa dogo la kipimo lina gharama kubwa. Kuanzia nyuzijoto 43, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda unaohitajika kwa takriban nusu: kazi ya dakika 60 kwa nyuzijoto 43 hufanyika kwa dakika 30 kwa nyuzijoto 44. Chini ya 43, kila nyuzi moja inayopungua huhitaji muda wa takriban mara nne. Kwa hiyo, kipimo kinachosoma 43 wakati ukweli ni 42 humwacha mgonjwa na tiba pungufu, huku yeye na daktari wake wakiamini kuwa imekamilika.

Kwa nini uzi wa kioo

Vipimajoto vingi vya kawaida hutumia waya wa chuma. Hata hivyo, uvimbe unapopashwa kwa mawimbi ya redio au ya maikrowevu, waya huo unaweza kuyanasa mawimbi, ukapata moto wenyewe na kutoa kipimo cha uongo. Ndani ya mashine ya MRI, chuma pia huweza kuharibu picha.

Uzi wa kioo, wa jinsi ileile inayotumika katika mikongo ya mawasiliano, haupitishi umeme. Unene wake ni takriban milimita 0.125. Mahali palipowekwa alama ndani yake hurudisha rangi moja tu ya mwanga. Joto linapopanda, rangi hiyo husogea kidogo, na mashine hutafsiri msogeo huo kuwa nyuzijoto. Uzi mmoja waweza kubeba alama kadhaa, hivyo tabibu hujua joto la katikati ya uvimbe, la ukingoni, na la kiungo jirani kinachopaswa kulindwa. Una udhaifu wake: ukivutwa au kupindwa, rangi husogea pia. Ndiyo maana huingizwa ndani ya mrija mwembamba unaouzuia usivutwe.

Tiba iliyo karibu nasi

Kwa mwanamke wa Nachingwea au Ruangwa, sura ya tiba ya joto iliyo karibu zaidi ni ile ya mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi, yanayosababishwa na virusi vya HPV na kugunduliwa, pamoja na njia nyingine, kwa uchunguzi wa siki. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii. Kichwa cha kifaa hufikishwa angalau nyuzijoto 100 na kugusishwa kwa sekunde 20 hadi 30, kikirudiwa inapobidi hadi eneo lote lifikiwe. Hapa hakuna mawimbi ya kukidanganya kipimo, hivyo kihisi cha kawaida kilichomo ndani ya kifaa hutosha. Kanuni, hata hivyo, ni ileile: joto sahihi, muda kamili.

Kwa mhudumu: hakikisha kifaa kimefikia joto lake na kimegusa barabara, usikiondoe kabla ya muda. Usiunguze pale unaposhuku saratani yenyewe, mabadiliko yanapoingia ndani ya mfereji, au yanapofunika zaidi ya robo tatu ya mlango wa kizazi. Mpe mama huyo rufaa.

Kwa mama: baada ya tiba, majimaji huweza kutoka kwa wiki kadhaa. Epuka kujamiiana kwa wiki 4, au tumia kondomu. Rudi kituoni haraka ukipata homa, maumivu makali, harufu mbaya au damu nyingi. Hata ukijisikia mzima, rudi baada ya miezi 12, kwani uchunguzi huo ndio utakaothibitisha kuwa joto lilifanya kazi yake.

Mabadiliko ya awali hayana maumivu. Anayesubiri maumivu huenda akalazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kutafuta mionzi kwa ugonjwa ambao dakika chache za joto lililopimwa vyema zingeweza kuuzuia.