Mada ya 6: Kudarizi Mapambo Yanayotokana na Viumbe wa Pwani

Malengo. Baada ya kujifunza mada hii, uweze:
(a) kuchunguza umbo la kiumbe wa pwani na kutaja sifa zake;
(b) kuchagua mshono unaolifaa kila umbo na kutoa sababu;
(c) kupanga pambo linalojirudia katika ukanda wa kofia au pindo la kitambaa.

6.1 Utangulizi

Kudarizi, au kutarizi, ni kupamba kitambaa kwa sindano na uzi. Mfano maarufu katika pwani yetu ni kofia ya viua, ambayo hushonwa Zanzibar, Lamu na kwingineko. Kiua ni tundu dogo linalotobolewa kwenye kitambaa, kisha ukingo wake huzungushiwa uzi ili usichanike. Kofia hiyo ina sehemu mbili: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Nchini Oman huvaliwa kofia ya namna hiyo hiyo, nayo huitwa kumma. Mara nyingi uzi ni mweupe na kitambaa ni cheupe, kwa hiyo pambo haliwezi kutegemea rangi. Linategemea mpangilio wa matundu na usafi wa mshono. Shika jambo hilo. Utalihitaji katika mada yote.

Ukisoma Chilangala, juu ya uwanda wa Makonde, bahari iko mbali nawe, na huenda ukaona kwamba mwenzako wa Mikindani anaiweza mada hii kuliko wewe. Si lazima iwe hivyo. Swali la ubunifu halipimi mahali unapoishi. Linapima kama umechunguza umbo na kama mshono uliouchagua unalifaa. Mtu anaweza kupita ufukweni kila siku na bado akachora kiti cha pweza chenye mikono sita.

6.2 Chunguza kabla ya kuchora

Jiulize maswali matatu kuhusu kila umbo:
(i) Je, sehemu zake zimezunguka kitovu kimoja, au zimegawanyika pande mbili zinazofanana?
(ii) Mstari mkuu unaanzia wapi na unaishia wapi?
(iii) Uso wake ni laini, una mistari, au una vidutu?

Vitu vya kuchunguza unavyo karibu. Konokono wa nchi kavu na konokono wa baharini wote ni moluska. Msimu wa mvua ukipita, okota gamba tupu la konokono shambani. Mstari wake unaanzia kwenye ncha na kupanuka kila unapozunguka. Mpangilio huo utauona pia kwenye magamba mengi ya konokono wa baharini, ingawa mengi yao ni mazito zaidi.

Mfano mwingine ni kete. Neno hili hutumika kwa vipande vya kuchezea bao, na pia ni jina la kauri ndogo. Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64, na wachezaji wengi hutumia mbegu za komwe. Ukipata kauri yenyewe, igeuze: mgongo ni laini na wenye mng'aro, bali upande wa chini una mwanya mrefu wenye meno pande zote mbili. Kwa kuwa pande hizo mbili hazifanani, amua kwanza utadarizi upi.

Zingatia: Ukifika pwani, usiokote kiumbe aliye hai kwa ajili ya mchoro. Gamba zuri unaloliona likitembea lina mwenyewe ndani. Mkoani Mtwara ipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 kulinda viumbe hao. Chora, kisha mwache alipo.

6.3 Umbo na mshono wake

1. Kiti cha pweza. Umbo lililozoeleka lina mikono mitano inayotoka kwenye kitovu. Gawa duara: 360 ÷ 5 = nyuzi 72 kati ya mkono na mkono. Tumia mshono wa kurudi nyuma kwa ukingo, na mshono wa fundo kwa vidutu vya juu.

2. Kauri. Umbo la yai. Mgongo wake laini unafaa mshono wa kujaza, yaani nyuzi zilizolala sambamba bila nafasi. Kwa upande wa chini, meno yafanywe kwa mishono mifupi iliyonyooka.

3. Pweza. Ana mikono minane. Mshono wa mnyororo hupinda kwa urahisi, hivyo unafaa mikono hiyo. Vinyonyeo viwe mafundo, makubwa karibu na mwili na madogo kuelekea ncha.

4. Kombe. Mistari yake hutawanyika kutoka sehemu moja ya chini kama upepeo. Tumia mishono mirefu iliyonyooka, yote ianzie hapo.

5. Mwani. Una matawi. Mshono wa shina unafaa tawi kuu na vitawi vyake.

Uzi wa kudarizi kwa kawaida una nyuzi ndogo 6 zilizosokotwa pamoja. Tenganisha 2 kwa mistari myembamba, au 3 kwa kujaza. Mshono wa kujaza usizidi urefu wa sentimeta 1 hivi. Ukizidi, uzi hulegea na kunasa.

6.4 Kupanga pambo linalojirudia

Mfano: Ukanda wa kofia una urefu wa sentimeta 56. Unataka kuuzungushia kauri, kila moja pamoja na nafasi yake ichukue sentimeta 3.5. Je, zitaingia ngapi?

56 ÷ 3.5 = 16. Kauri 16 zinaingia bila kubaki nafasi.

Kama ungechagua sentimeta 4.5, ungepata 12 na kubaki sentimeta 2, na mahali pa kuungia pangeonekana wazi. Hesabu hii hufanywa kabla ya kutia sindano. Kufumua kunaharibu kitambaa, na kitambaa kinanunuliwa.

6.5 Swali la mfano

Buni pambo la kitambaa cha meza linalotokana na kiumbe mmoja wa pwani. Eleza mishono utakayotumia na sababu zake. (Alama 10)

Jibu la Asha: "Nitadarizi pweza, samaki, kaa, mwani na kombe kwa rangi nyingi ili kitambaa kipendeze. Nitatumia mshono wa mnyororo, wa kujaza na wa fundo."

Jibu la Hamisi: "Nitadarizi kombe katika pembe nne za kitambaa. Mistari ya kombe hutawanyika kutoka sehemu moja, hivyo nitaelekeza sehemu hiyo kwenye pembe ili mistari ifunguke kuelekea katikati ya meza. Nitatumia mishono iliyonyooka kwa mistari, na mshono wa kurudi nyuma kwa ukingo kwa kuwa ni imara na hautalegea kitambaa kikifuliwa."

Asha anajua majina ya mishono, lakini ametaja viumbe watano badala ya mmoja na hakutoa sababu hata moja inayotokana na umbo. Hamisi amechagua umbo moja, akalifuata katika mpango, na kila mshono una kazi. Huyu ndiye atakayepata alama nyingi.

6.6 Makosa ya kuepuka

• Kuchora kwa kukisia bila kuhesabu sehemu za kiumbe.
• Kutumia mishono mingi ili kuonyesha kwamba unaijua.
• Kuvuta uzi kwa nguvu hadi kitambaa kikunjamane. Tumia fremu.
• Kuacha kazi wazi. Vumbi la uwanda wetu ni jekundu, na maji ya kufulia si ya kupoteza. Nawa mikono, na uifunge kazi kila unapoipumzisha.

6.7 Zoezi

1. Taja tofauti mbili kati ya mgongo wa kauri na upande wake wa chini. Kila upande utatumia mshono gani? (Alama 4)
2. Pindo la sentimeta 90 litapambwa kwa viti vya pweza vya sentimeta 6 kila kimoja pamoja na nafasi yake. Vitaingia vingapi? (Alama 2)
3. Okota gamba tupu la konokono wa shambani. Lichore, kisha andika mshono utakaotumia kwa mstari wake mkuu na sababu ya kuuchagua. (Alama 6)

Jibu la swali la 2: viti 15.