Mzee Akipiswa: Ni Maradhi, si Sihri

Katika darsa zetu tumeulizwa mara nyingi: mzee aliyekuwa na akili zake timamu, akawa leo asahau, agombane na watu wa nyumba yake na kusema maneno asiyokuwa akiyasema, je, amerogwa, au ana jini, au ndiyo mambo ya uzee? Jawabu zote tatu zimewadhuru wazee wetu. Zile mbili za mwanzo humpeleka kwa mganga, na hii ya tatu humwacha kitandani pasi na dawa.

Yafaa kwanza tupambanue. Umri hupunguza kasi ya akili, wala hauiondoi. Mtu wa miaka 70 akisahau jina la jirani, kisha likamjia baadaye, hana ila. Lakini apoteaye njia akitoka msikiti aliousali miaka 40, au aulizaye chakula na sahani yake haijaondolewa, huyo ni mgonjwa. Ubongo wake umeingiwa na maradhi kama figo ziingiwavyo. Namna moja kubwa ya maradhi haya ilielezwa na tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Namna nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na presha na kisukari, na hayo mawili si haba katika miji yetu. Qur'ani nayo, katika Suratun-Nahl aya ya 70, imetaja umri wa unyonge ambao mtu hurejeshwa, hata asijue alichokuwa akikijua. Haikutaja hapo uchawi.

Wala tusidhani dhana hii ya uchawi ni upuuzi wa barazani tu. Katika Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa, na wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze. Mara nyingi nyuma ya tuhuma mna ugomvi wa shamba. Sisi watu wa miji twajiona tumeepukana na hayo. Lakini ajuza asemaye peke yake usiku mtaani mwetu, watoto humwitaje, na nani amewafundisha?

Jambo liumizalo nyumba zaidi ni tuhuma za mgonjwa mwenyewe. Bibi huficha bangili zake chini ya godoro, akasahau, kisha akasema mke wa mwanawe ameziiba. Mkwe hulia, mume hukasirika, na udugu wa miaka 20 huvunjika kwa neno ambalo msemaji wake hakulikusudia. Akili yake imekuta pengo, ikalijaza. Kumbishia hakufai, wala kumwapisha. Na tutafute naye bangili kwa upole, tumwondoe katika mazungumzo yale. Na mume amtetee mkewe mbele ya jamaa bila ya kumfedhehesha mamake.

Sasa tusikilizane vyema, kwani hapa ndipo wengi hupoteza fursa. Si kila mzee aliyechanganyikiwa ana maradhi yasiyopona. Akiwa jana alikuwa mzima na leo hajui yuko wapi, hiyo ni dharura: huenda ni maradhi ya mkojo, homa ya mapafu, malaria, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au dawa mpya. Apelekwe hospitali siku ile ile, pamoja na dawa zake zote mfukoni. Wazee hawahisi kiu kama vijana, na joto letu la Januari na Februari huwakausha upesi. Katika Ramadhani, mzee mwenye kisukari asiachiwe kufunga kwa kuona haya. Sharia imempa ruhusa, na tabibu amwulize mapema.

Wengine husahau kwa upungufu wa damu au wa vitamini, wengine kwa huzuni nzito baada ya kufiwa na mwenzi. Na wengine ni viziwi tu! Mzee asiyesikia hujibu visivyo, watu hucheka, naye huacha kuja barazani. Na upweke huzidi kuidhoofisha akili. Wataalamu sasa wauhesabu uziwi miongoni mwa mambo yaongezayo hatari ya maradhi haya, pamoja na sigara, presha na kukaa peke yako. Basi masikio yapimwe, na mtoto wa jicho atolewe. Huo ni upasuaji mdogo.

Kuhusu mali, twasema wazi. Kumtia mzee dole gumba katika hati ya nyumba asiyoifahamu ni dhuluma kwake na kwa warithi, hata aliyeileta hati akiwa ndiye mtoto amwoshaye. Wasia na wakfu viandikwe akili ingali timamu, mbele ya mashahidi waadilifu.

Na huyo amwoshaye, aghlabu ni binti mmoja, halali. Ndugu zake walioko Nairobi au Arabuni hupeleka fedha, wakaona wametimiza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, imempa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake, wala haikusema jamaa mmoja. Wagawane usiku: huyu Jumatatu, yule Jumanne, na aliye mbali alipe mtu wa kulala hapo zamu yake.